Naomba ushauri: Nilimdhalilisha bibi harusi nikiwa MC, sasa nimeitwa jukwaani nisimulie tukio lilelile

Mwanzisha uzi

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Nimesoma jukwaa hili miaka mingi bila kuandika. Leo naandika kwa sababu nimebakiza siku nne za kutoa jibu, na nyumbani kwangu kila mtu ana lake.

Mimi ni mchekeshaji na MC. Nilianzia sherehe za mtaani Mbagala nikapanda hadi kumbi kubwa za Dar. Kabla ya tukio nilikuwa nalipwa 1,200,000 kwa sherehe moja, na kampuni moja ilikuwa imenipa mkataba wa matangazo.

Tukio lilikuwa kwenye sendofu. Nilifika ukumbini nimeshakunywa, nikaendelea kunywa nyuma ya meza ya DJ. Ndugu mmoja wa bibi harusi alininong'oneza kwamba binti aliwahi kuposwa na posa ikavunjika. Nikaligeuza utani, kwenye kipaza sauti, mbele ya wakwe. Sitaurudia hapa. Ukumbi ulicheka, na hilo ndilo linaloniamsha usiku, kwa sababu kile kicheko kilinipa nguvu ya kuongeza la pili na la tatu. Mama yake akasimama akatoka. Binti akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza.

Asubuhi klipu ilikuwa imeshaenea kila mahali. Ndoa yao iliahirishwa miezi minne. Mkataba wangu ulivunjwa wiki hiyohiyo, na sherehe 11 nilizokuwa nimeshapokea advansi zikafutwa. Nikarekodi video ya kuomba radhi nikasema "kama kuna aliyekwazika anisamehe". Watu wakanishukia upya, na walikuwa na haki.

Nikahamia Morogoro kwa kaka yangu, Kihonda, naendesha bajaji ya mizigo. Sijagusa pombe kwa miezi 14. Mke wangu alinivumilia, sijui niseme nini kuhusu hilo. Mwanangu yupo darasa la nne, na shuleni wanamwita kwa lile jina langu la kazi ili kumtania.

Sasa promota mmoja wa Dar amenipigia. Ana usiku wa vichekesho, ananipa dakika 20 na 1,500,000. Sharti lake: nisimulie usiku ule mwanzo hadi mwisho, na klipu irushwe kwenye skrini nyuma yangu. Anasema ndiyo njia pekee ya watu kunirudia, nijicheke mwenyewe kwanza. Nadaiwa 3,400,000 za advansi ambazo sijarudisha zote. Jibu linatakiwa Ijumaa.

Niende?

Kijana wa Ubungo

Mkuu, nenda. Madeni hayalipwi kwa huzuni. Umekaa nje zaidi ya mwaka, pombe umeacha, unataka adhabu gani tena? Mchekeshaji kazi yake ni kugeuza maumivu yawe kicheko. Milioni moja na nusu kwa dakika 20, wewe unabeba mifuko ya saruji kwa elfu tatu. Chukua, lipa watu, songa mbele.

Dada wa Tegeta

Kaka, nakuandikia kama mtu aliyewahi kuvunjiwa posa.

Mimi ilikuwa barua imeshajibiwa na nusu ya mahari imeshapokelewa. Upande wa pili wakarudi nyuma bila sababu ya maana. Unajua kinachofuata? Kwanza familia inarudisha vya watu, halafu kwa miaka mitatu kila ukienda msibani au harusini kuna shangazi anakuangalia kuanzia miguuni. Unajifunza kutabasamu. Siku Mungu akikuletea mwingine, unaomba kitu kimoja tu: siku yako ipite bila mtu kulitaja lile jambo.

Huyo binti ukumbi mzima ulimcheka, pamoja na watu waliokula kwao. Leo unamuuliza Kijana wa Ubungo kama ni sawa klipu irushwe tena kwenye skrini kubwa, watu walipe kiingilio. Hayo maumivu anayosema uyageuze kicheko ni ya nani? Yako ni kupoteza mkataba. Yale mengine yote ni ya yule dada, wala hajakupa ruhusa ya kuyauza mara ya pili.

Nimeona hukuurudia ule utani hapa, na ndiyo sababu nimepata moyo wa kukujibu. Lakini nimesoma bandiko lako mara mbili, sijaona mahali uliposema umewahi kwenda kwao.

Mzee wa Urambo

Marahaba kijana.

Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Nimeona mtani akizuia jeneza njiani akidai alipwe ndipo lipite, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Nimeona mtani akimwambia mjane maneno ambayo mtu mwingine angeyasema angepigwa. Vijana wa siku hizi wanaona lile tendo wanadhani utani ni ruhusa ya kusema chochote. Hawaoni kwamba mtani huyohuyo ndiye aliyekuja usiku wa kwanza, akachimba kaburi, akaosha vyombo, akalala chini siku tatu. Ruhusa yake inatoka kwenye ile kazi, na kwenye undugu wa babu zetu. Nawe siku yeye akifiwa, ukienda kwake utafanya vilevile.

Wewe kwa ile familia ulikuwa nani? Ulikuwa mtu wa kukodiwa. Ulichukua haki ya mtani bila wajibu wa mtani. Ndiyo maana ile video yako ya kuomba radhi haikufika popote, maana uliwaomba radhi watu wa mtandaoni. Jambo la familia linarudishwa kwa familia, kwa miguu, ukiwa na mtu mzima mbele yako. Tafuta mzee, asiwe rafiki yako wa kazi. Usiende kwa mama moja kwa moja, pitia kwa baba mdogo au mjomba. Ukiambiwa faini, lipa. Ukiambiwa ondoka, ondoka kwa adabu.

Mwanzisha uzi

Dada wa Tegeta, sijawahi kwenda. Nilituma ujumbe kwa mwenyekiti wa kamati ya sherehe, hakujibu, nikajiambia nimefanya sehemu yangu. Ukweli ni kwamba naogopa uso wa yule mama.

Mzee, nimekusoma.

Mpenda Vichekesho

Tofauti na wengine, nadhani unaweza kurudi, ila angalia unarudije.

Marekani kuna mchekeshaji anaitwa Louis C.K. Novemba 2017 wanawake watano walimtuhumu gazetini kwa udhalilishaji wa kingono, na siku iliyofuata akakiri kwa maandishi kwamba ni kweli. Agosti 2018, haijatimia hata miezi kumi, akapanda jukwaa la Comedy Cellar kule New York bila kutangazwa. Waliokaa pale hawakupata nafasi ya kuchagua kama wanataka kumuona. Kelele zikaanza upya. Baadaye akauza tiketi zake mwenyewe, na 2022 akapata hadi Grammy. Kwa hiyo kurudi inawezekana, asikudanganye mtu. Lakini jina lake likitajwa leo mjadala ni uleule, kwa sababu watu wengi wanaona alilirudia jukwaa kabla ya kuwarudia aliowakosea.

Makosa yenu hayalingani, sisemi hivyo. Nasema mpangilio. Promota anataka uanze na jukwaa.

Asiyesahau

Mimi sitaki urudi kabisa. Kuna vijana wanachekesha bila kumvunjia mtu heshima, hawapati hata dakika tano. Marehemu King Majuto alichekesha nchi nzima na ungeweza kumwangalia umekaa na mama mkwe wako. Kuna kazi nyingi duniani. Endesha bajaji yako, ni kazi ya halali.

Dada wa Tegeta

Asiyesahau, hasira yako naielewa, lakini mtu ana mtoto na ana kipaji, tusimzike mzima. Swali ni anarudi kwa mlango upi.

Karani wa Mahakama Mstaafu

Naongezea upande wa sheria kwa kifupi, na bado mtafute wakili kabla ya kusaini kitu.

Kurusha ile klipu upya hadharani kwa malipo ni jambo jipya, lisichanganywe na lile la kwanza. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ambayo inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zifutwe. Sura yake imo, sauti ya mama yake imo. Akiamua kushitaki, promota atasema wazo lilikuwa la msanii. Una mkataba wa maandishi? Kama hauna, huna kazi, una simu tu. Mwaka 2018 suala la mikataba ya huyohuyo Mzee Majuto lilifika hadi wizarani, na yeye alikuwa mkongwe. Wewe uliyeanguka utaonewa mara mbili.

MC wa Kibaha

Mimi ni mwenzako kwenye fani, nimewahi kukaa meza moja na wewe ingawa sitasema wapi.

Kuna jambo hakuna aliyeligusa. Zile advansi. Mtaani kwetu MC akila advansi anamalizwa haraka kuliko MC aliyetukana, maana kamati za harusi zinapeana namba za simu na zinapeana sifa. Andika majina yote 11 kwenye daftari. Mpigie kila mmoja mwenyewe, usimtumie ujumbe. Mwambie kiasi unachodaiwa kabla yeye hajakitaja, na umwambie utaanza na kiasi gani na tarehe gani. Hata kama ni 30,000, ipeleke tarehe ileile. Mtu uliyemlipa kidogo kidogo bila kukosa ndiye atakayekutetea siku jina lako likitajwa kwenye kikao. Hakuna tangazo linalofanya kazi hiyo.

Halafu angalia kibali chako BASATA, pale Baraza la Sanaa la Taifa, kama bado kiko hai. Anza na ubarikio, kipaimara, mahafali ya shule za awali. Watu 50, 60. Pale hakuna anayetaka umtanie mtu, wanataka ratiba iende na watoto wacheke. Utajua kama bado una kazi mdomoni mwako ukiwa hujanywa, maana kama ulizoea kupanda ukiwa na kitu kichwani, mara ya kwanza bila hicho mikono itatetemeka. Mimi ilinitetemeka.

Miaka Sita Soba

Hapo kwenye pombe nisimame. Miezi 14 ni mingi, hongera sana, na ni michache. Promota anakurudisha usiku, kwenye ukumbi wenye kaunta, siku ambayo utakuwa na hofu kuliko siku zote za maisha yako, na ukishuka kila mtu atataka kukununulia moja ya pongezi. Mimi nilianguka mwezi wa 16 kwenye harusi ya mdogo wangu, kwa glasi moja ya kugonganisha. Ukienda popote penye sherehe, nenda na mtu anayejua, na uwe na nauli ya kuondoka mfukoni. Mkeo anajua unachojibiwa hapa?

Mwanzisha uzi

Anajua. Anasoma pembeni yangu sasa hivi. Amesema jibu la Dada wa Tegeta ndilo alilokuwa akitaka kuniambia tangu mwaka jana, alikuwa anaogopa kunivunja.

Nitarudi kuwapa mrejesho.

Mwanzisha uzi (mrejesho, baada ya wiki tatu)

Wakuu, samahani kwa ukimya.

Promota nilimjibu Alhamisi kwamba ile hadithi siisimulii na klipu hairushwi, ila nina mambo mengine ya dakika 20. Akasema basi tuache. Tumeachana bila ugomvi.

Kaka yangu alinipeleka kwa mzee mmoja wa kanisani anayefahamiana na mjomba wa binti. Ilichukua simu nne. Tulipokelewa Jumapili mchana, Tabata, kwa mjomba. Nilikuwa nimeandaa maneno, nikayasahau, nikasema tu nilichofanya bila kutaja pombe, kwa sababu mzee alinikataza kuitaja, alisema itaonekana natafuta pa kuegemea. Mama hakutoka chumbani. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza muda mrefu, akasema mama hayuko tayari kuniona na pengine hatakuwa tayari. Faini hawakutaka.

Binti hakuwepo, ila alimpa mjomba ujumbe. Alisema hataki hela wala hataki kutajwa kwenye video yoyote ya kuomba radhi. Ana ombi moja: niifute ile video yangu ya radhi. Wakuu, sikuwa nimewahi kufikiri. Ile video niliianza kwa kipande cha klipu yenyewe, ili watu waelewe ninaongelea nini. Kwa miezi yote hii ukurasa wangu mimi ndio ulikuwa unaendelea kumuonyesha.

Niliifuta palepale, mjomba akiangalia. Tangu siku ile naandikia kurasa zilizoibeba, moja moja. Nimehesabu 23. Tisa zimeshafuta, mbili zimenitukana, nyingine kimya. Naziandikia tena kila Jumatatu.

Daftari la madeni nimelianza. Wawili kati ya 11 walikata simu. Mmoja, mteja wa Kibaha ambaye sherehe yake ilikuwa wiki moja tu baada ya tukio, alinisikiliza, akasema alilazimika kukopa kumlipa MC mwingine. Huyo ndiye nimeanza naye.

Jumamosi hii nina kipaimara cha mtoto wa jirani hapa Kihonda. Watu 60, malipo 80,000, kuanzia saa nane mchana hadi kumi na mbili. Mke wangu anakuja, atakaa karibu na mlango. Elfu 50 itakwenda Kibaha Jumatatu asubuhi.

MC wa Kibaha

Fika saa saba. Mwombe mama wa mtoto orodha ya majina ya kutaja, na umuulize ni yapi yasitajwe.