Datsun 240Z inavuta hewa ya moto: nalitengenezaje sanduku la hewa baridi?

Zedi_Arusha

Wakuu, habari za jioni. Nina Datsun 240Z ya mwaka 1972, injini ya L24, kabureta mbili za Hitachi za mtindo wa SU. Gari ni la marehemu baba. Alilinunua Nairobi, na tangu nikiwa mdogo alikuwa akitusimulia Safari Rally ya 1971, walivyoshinda Edgar Herrmann na Hans Schüller, halafu ya 1973 ya Shekhar Mehta na Lofty Drews, zote kwa gari kama hili. Kwa hiyo naomba mnielewe nikisema sitatoboa bodi wala kukata kitu ambacho siwezi kukirudisha kilivyokuwa.

Shida ni hii. Miaka mitatu iliyopita gereji moja ilitoa eya klina ya asili, lile sanduku la rangi ya chungwa la kuchujia hewa, ikafunga filta mbili za koni, moja kwa kila kabureta. Sauti ikawa tamu kweli. Lakini kwenye foleni ya Sakina gari linaanza kumisi (injini inaruka mapigo), na ukikanyaga mafuta linasitasita kabla ya kuondoka. Wiki iliyopita nilifunga kipimajoto cha waya mdomoni mwa filta ya nyuma. Nje ilikuwa nyuzi 24. Nikienda kilomita 80 kwa saa, filta inavuta hewa ya nyuzi 41. Baada ya dakika kumi za foleni, 67.

Sababu naijua. Kwenye L24 manifoldi ya hewa na ya egzosi ziko upande mmoja wa kichwa cha silinda, kabureta zimekaa juu ya egzosi kama sufuria jikoni. Nataka kutengeneza sanduku la alumini litakalofunika midomo ya kabureta zote mbili, kisha bomba liende mbele kuchukua hewa kwenye tundu lililo kando ya rejeta. Usukani wetu uko kulia, masta ya breki iko ng'ambo, kwa hiyo upande wa kushoto nafasi ipo.

Naomba msaada hapa: bomba liwe la kipenyo gani? PVC ya maji taka ya inchi 3 inafaa? Na je, ni kweli mwendo wenyewe unasukuma hewa ndani na kuongeza nguvu?

FundiKabureta_Msa

Kijana, pole kwa kumpoteza mzee, Mungu amrehemu. Nimefungua kabureta za SU tangu enzi hizo Datsun zikiwa magari mapya barabarani, na kabla hujakata bati hata moja nataka unijibu jambo moja. Kila kibakuli cha floti, kile kinachoweka petroli ya kabureta, kina hosi nyembamba ya kupumulia. Eya klina ya asili ilipotolewa, hosi hizo zilipelekwa wapi?

Nauliza kwa sababu petroli haipandi kwenye jeti, lile tundu jembamba linaloipitisha, kwa kupenda. Inasukumwa na tofauti ya presha, ile iliyo juu ya petroli ndani ya kibakuli na ile ndogo iliyo kooni mwa kabureta. Waliounda gari hilo walizirudisha hosi ndani ya eya klina makusudi, ili kibakuli na koo vivute pumzi chumba kimoja. Ukifunga sanduku kabureta zikavuta ndani yake, huku vibakuli vinapumulia chini ya boneti, hesabu inaharibika. Filta ikishika vumbi, presha ya sandukuni inashuka, ya kibakulini inabaki palepale, na petroli inazidi bila wewe kugusa kitu. Watu wengi wanatengeneza sanduku zuri, linang'aa, halafu wanahangaika na plagi nyeusi mwaka mzima. Hosi zote mbili ziingie sandukuni. Na ile hosi ya pumzi ya injini inayotoka kwenye kifuniko cha valvu nayo irudi humo, baada ya filta.

Jambo la pili, midomo. Kabureta haipendi kuvuta hewa ukingoni mwa bati lililokatwa kavu. Eya klina ya asili ilikuwa na midomo iliyopinda kama ya tarumbeta. Tafuta fundi wa kufua bati akufulie miwili, koo ni milimita 46. Toka mdomoni hadi ukuta wa sanduku uache si chini ya sentimita 5. Zile koni zitoe kabisa, weka filta moja kubwa mwisho wa bomba mahali mkono unapofika, kwa sababu vumbi la huko kwenu litakudai uisafishe mara kwa mara.

Hesabu_Moro

Mkuu Zedi, hongera kwa kupima kwanza. Nakujibu maswali yako kwa namba.

Hewa ya nyuzi 67 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 24 kwa karibu asilimia 13. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na hapo tayari umepoteza kama asilimia 15 ya uzito wa hewa ukilinganisha na pwani. Ukiviunganisha, injini yako ya lita 2.4 kwenye foleni inapata hewa sawa na injini ya lita 1.8 iliyoko Tanga siku ya baridi. Nguvu halisi haishuki kwa kiwango hichohicho, kwa sababu hewa hupata joto zaidi ndani ya manifoldi hata ikiingia baridi, ila utaona tofauti.

Bomba: L24 kwa mizunguko 6,000 kwa dakika inavuta kama mita za ujazo 7 kila dakika. Ndani ya bomba la milimita 63 hewa itakimbia mita 38 kwa sekunde, na hapo kila kona inakula presha. Kwa milimita 75 ni mita 27, kwa milimita 100 ni mita 15. Ningechukua 100 kama inapita, na 75 pale tu panapobana.

Kuhusu mwendo kusukuma hewa, usiutegemee. Kwa kilomita 100 kwa saa msukumo wa upepo haufiki hata nusu asilimia ya presha ya hewa ya Arusha. Faida yako yote iko kwenye joto. PVC achana nayo, inaanza kulegea karibu na nyuzi 80, na hapo ulipo egzosi haiko mbali. Alumini, na hosi ya silikoni kwenye maungio ili injini ikitikisika isipasue kitu.

Mzalendo_Maskati

Naandika kutoka Maskati, mimi nina 260Z. Julai hapa hewa ya nje yenyewe inafika nyuzi 45, kwa hiyo somo hili nimelisoma kwa jasho. Sanduku peke yake halikunitosha. Kilichonisaidia zaidi ni bati la kukinga joto kati ya egzosi na kabureta, na kuhakikisha zile pakiti nene za bakelaiti (plastiki ngumu ya kuzuia joto) kati ya kabureta na manifoldi ni nzima. Zangu zilikuwa na nyufa. Pia angalia bomba la petroli linapopita. La kwangu lilikuwa karibu mno na egzosi, petroli ilikuwa inachemka humo nikizima gari dakika tano, kisha haliwaki. Kifuniko cha sanduku kiwekee mpira wa mlango wa gari. Penye upenyo wa kidole joto litaingia.

Zedi_Arusha

Shikamoo mzee wa Mombasa, na asanteni wote. Nimerudi baada ya wiki tatu.

Mzee, nilikwenda kuangalia hosi siku ileile usiku kwa tochi. Ya kabureta ya mbele ilikuwa inaning'inia karibu na feni. Ya nyuma ilikuwa imezibwa kwa skrubu. Miaka mitatu kibakuli hakipumui! Niliitoa ile skrubu, nikaendesha hadi Usa River na kurudi, sanduku likiwa bado halijatengenezwa, na kumisi kukapungua zaidi ya nusu. Nilikaa garini nje ya nyumba muda mrefu kidogo nikiwaza jinsi mzee wangu alivyolisikiliza gari hili kila asubuhi kabla ya kuondoka.

Sanduku nililichora kwanza kwa boksi la katoni, mara nne, hadi boneti ikafunga bila kugusa. Kisha fundi wa masufuria akalikunja kwa alumini ya milimita 1.5, na midomo miwili akaifua juu ya gogo. Limeshikwa na boliti za eya klina ya asili, hakuna tundu jipya popote. Bomba ni milimita 100 isipokuwa kando ya rejeta, hapo nimebana hadi 75. Bati la kukinga joto liko chini ya kabureta. Bakelaiti zangu ni nzima.

Vipimo: kilomita 80 kwa saa, nje nyuzi 25, sandukuni 28. Foleni dakika kumi, 39. Kule kusitasita kumeisha.

FundiKabureta_Msa

Marahaba mwanangu. Sasa anza upya kurekebisha mchanganyiko, maana ulikuwa umerekebishwa juu ya kosa. Nati za jeti zipandishe hadi mwisho, kisha zishushe mizunguko miwili na nusu zote mbili, uanzie hapo na usome rangi ya plagi. Na kumbuka ukishuka pwani hewa inakuwa nzito, petroli itapungua kwa hewa hiyo. Shusha jeti kidogo ili petroli iongezeke, kabla hujatoka Voi.

Zedi_Arusha

Nimeshaandika kwenye daftari la gari, chini ya mwandiko wa baba. Mwezi ujao napita Holili na Taveta, Voi nitasimama kushusha jeti. Nikifika Mombasa naomba ulisikilize mwenyewe.