Wenye vitalu vya Nakuru, acheni kutuuzia waridi-mwitu kwa bei ya waridi lililopandikizwa

Wakulima wenzangu wa maua, naandika nikiwa na hasira, kwa sababu baadhi ya wenye vitalu vya miche hapa Nakuru wanatutoza bei ya waridi lililopandikizwa huku wakitukabidhi shina la waridi-mwitu lenye jicho lililokufa, yaani lile chipukizi la waridi zuri linalopachikwa kwenye shina hilo ili litoe maua tunayoyataka.

Nilinunua miche ya waridi jekundu katika kitalu kimoja kando ya barabara, nikahakikishiwa kwamba yote imepandikizwa na imeshika. Mvua ya masika ilipokolea, miche hiyo ilirefuka kwa kasi, ikatanda matawi yenye miiba, kisha ikachanua vishada vya maua madogo meupe ya petali tano tano, yaani maua ya lile shina la chini lenyewe. Nilipofukua udongo kwenye shingo ya mche mmoja, nilikuta mkato wa herufi T, na ndani yake jicho jeusi lililokauka, likiwa bado limefungwa kwa utepe wa nailoni uliokaza hadi ukazama katika gamba.

Sina ugomvi na waridi-mwitu. Hata mashamba makubwa ya Naivasha hupandikiza juu ya Natal Briar, aina ya waridi la kutumiwa kama shina la chini, kwa kuwa mizizi yake ina nguvu. Ugomvi wangu ni na pupa ya muuzaji. Jicho hupachikwa chini ya gamba wakati gamba linapobanduka kwa urahisi, hufungwa, kisha huachwa kwa wiki tatu au nne hivi; likibaki kijani na kuanza kuvimba, limeshika, na hapo ndipo sehemu ya waridi-mwitu iliyo juu yake hukatwa. Anayeuza kabla ya kuliona likichipua anamuuzia mteja bahati nasibu.

Kilichonikera zaidi ni jibu nililopewa niliporudi kulalamika: eti nipogoe tu, waridi jekundu litatoka. Litatoka wapi, ilhali jicho limekufa? Hata kwa mche ulioshika, maotea, yaani machipukizi ya waridi-mwitu yanayotoka chini ya mahali jicho lilipoungana na shina, hayakatwi kwa makasi, maana kisiki kinachobaki huchipuza mengine. Hufukuliwa hadi yanapoanzia na kung'olewa. Mtu anayeishi kwa kuuza miche anapaswa kulijua hilo.

Nataka kitalu hicho kinirudishie pesa zangu, au kinipe miche ambayo jicho lake limekwisha kutoa tawi. Nanyi mnaonunua, msilipe kabla ya kuliona tawi hilo kwa macho yenu, wala msikubali mche ambao muuzaji hawezi kuwatajia aina ya waridi iliyopachikwa.