Naomba ushauri: dashibodi inanionyesha namba tupu badala ya majina ya seva

Asalaam aleikum wakuu. Niko Lamu, mtaa wa Langoni, natunza seva sita za mfumo wa tiketi za boti za Mokowe. Ziko AWS (wingu la Amazon), Cape Town. Naziangalia kwa Prometheus (inayokusanya vipimo) na Grafana (inayovichora kwenye dashibodi).

Shida ni kwamba dashibodi inanionyesha 10.0.3.17:9100 na wenzake, yaani anwani tu za seva. Juzi alfajiri abiria wamejaa gatini, nahodha ananipigia simu kwamba tiketi hazisomeki, nami naona mstari mwekundu nisijue ni seva ya malipo au ya tiketi. Nikafungua daftari nikaitafuta namba kwa kidole. Haikuwamo, kwa kuwa ile seva ilikuwa imeundwa upya usiku na kupewa anwani nyingine.

Nimeshaweka ec2_sd_configs (ili Prometheus izitafute seva yenyewe huko AWS) pamoja na ruhusa ya ec2:DescribeInstances (ya kusoma orodha ya seva), na sifa zinakuja: __meta_ec2_tag_Name (jina), __meta_ec2_instance_type (aina ya seva) na nyinginezo. Ila zote zinazoanza na __ hufutwa baada ya relabel_configs (hatua ya kupanga lebo), hivyo sharti nizinakili kwenye lebo za kudumu, zile zinazobaki kwenye kila kipimo. Jina nalitaka kila mahali, hilo halina mjadala. Lakini aina ya seva, je, niibandike kwenye kila kipimo, au nitengeneze kipimo kimoja cha taarifa (kinachobeba sifa za seva tu) kisha nikiunganishe na vingine kwa group_left wakati wa kuuliza data? Naogopa ile ya kwanza: siku nikiongeza ukubwa wa seva, lebo inabadilika, mfululizo mpya wa data unaanza na grafu inakatika.

Mliokwisha kupita hapa mlichagua ipi? Hata mfano wa mistari mitatu utanifaa sana. Shukran.