Liposomu za ftalosianini ya zinki: vumbi la bluu chini ya chupa, na mwanga hauui seli

Mfamasia_Upanga:
Wakuu, salaam. Natengeneza liposomu (vifuko vidogo vya mafuta) za DPPC, aina ya lipidi, zenye ftalosianini ya zinki, dawa ya bluu inayotakiwa kuua seli ikimulikwa. Nayeyusha dawa na lipidi pamoja kwenye kloroformu, moli 1 kwa 20, nakausha, naongeza bafa (maji yenye pH tulivu), napitisha kwenye kichujio cha nanomita 100. Kesho yake kuna vumbi la bluu chini, na seli za saratani zilizomulikwa hazifi zaidi ya zilizokaa gizani. Niongeze PEG (polima ya kufunika liposomu) ili dawa ifike?

Kemia_Mbezi:
PEG iache kwanza, mkuu. Dawa yako haijaingia kwenye liposomu. Ftalosianini tupu ya zinki haiyeyuki vizuri kwenye kloroformu. Iyeyushe kwenye piridini, ndani ya kabati la kufyonza mvuke, ndipo uichanganye na lipidi. Ukishakausha, acha kwenye vakyumu usiku kucha, maana piridini ikibaki inaua seli yenyewe na utadhani ni dawa.

Shusha uwiano hadi 1 kwa 100 au chini zaidi. Molekuli hizi ni bapa, zikibanana zinapangana kama sahani, na hapo nishati ya mwanga inaishia kuwa joto badala ya kuzalisha oksijeni singleti, ile oksijeni kali inayoua seli. Pima spektra ya ufyonzaji wa mwanga: kilele chembamba karibu na nanomita 672 ni molekuli moja moja, mgongo mpana kuelekea 630 ni zilizoshikana. Tia Triton X-100, sabuni ya maabara inayovunja liposomu, hadi asilimia 1 upime tena. Kilele kikipanda sana, zilikuwa zimebanana.

DPPC hulegea na kupita kwenye kichujio ikifika nyuzi 41, na joto la Dar, hata la Februari, halifiki hapo. Bafa, sindano na kichujio viwe nyuzi 50. Umeme ukikatika usilazimishe kusukuma, pasha tena. Pitisha mara 11, namba witiri, ili mzigo umalizikie upande ambao haukuwa na mabonge.

Dawa_na_Mwanga:
Naongezea kuhusu PEG. Inaificha liposomu isidakwe na ini na wengu, lakini haizuii dawa iliyo kwenye utando kuhamia kwenye albumini na lipoproteini, yaani protini za damu na vibeba mafuta vyake. Changanya nusu kwa nusu na seramu, nyuzi 37, chukua sampuli saa 0, 1, 4 na 24, pitisha kwenye safu ya Sepharose CL-4B, inayotenganisha vitu kwa ukubwa. Liposomu hutangulia, albumini hufuata. Angalia bluu imetoka na nani.

Kuhama si kasoro kila mara. Visudyne, dawa ya macho yenye verteporfini (nayo huamshwa na mwanga) ndani ya liposomu, huachia dawa upesi, na jicho humulikwa dakika 15 tu tangu dripu ianze, nanomita 689, kwa sababu shabaha ni mishipa ya damu. Ukitaka dawa ikae ndani hadi kwenye uvimbe, jaribu DSPC, lipidi inayolegea kwa joto kubwa zaidi ya DPPC, na kolesteroli, PEG moli asilimia 5, na usimulike mapema.

Mfamasia_Upanga:
Asanteni sana. Taa yangu ni miliwati 10 kwa sentimita ya mraba. Nimulike muda gani?

Kemia_Mbezi:
Sekunde 1,000 zinakupa jouli 10 kwa sentimita ya mraba, anzia hapo. Pima taa pale seli zilipo, si kwenye mdomo wa taa. Weka na vikundi vya kulinganishia: mwanga bila dawa, liposomu tupu na mwanga, dawa gizani. Chupa zote zifungwe foili tangu mwanzo.

Dawa_na_Mwanga:
Na usibadilishe DPPC kwa lesithini ya yai kisa bei. Lipidi zake zisizoshiba huoksidishwa na oksijeni ileile ya dawa, utando unavuja, na matokeo ya leo hayatalingana na ya wiki ijayo.