Naomba ushauri: maisha baada ya matibabu ya saratani ya tezi dume

Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Nina umri wa miaka 66. Niliondolewa tezi dume kwa upasuaji, na kwa kuwa kipimo cha damu cha PSA, kinachofuatilia saratani hii, kilianza kupanda tena, sasa ninachomwa sindano ya kushusha testosteroni, homoni ya kiume inayochochea saratani hii, kila baada ya miezi 3. Daktari ameridhika na majibu, lakini anayeishi na mwili huu ni mimi. Nikikohoa au nikiinua ndoo mkojo hunitoka, hivyo siendi msibani wala harusini bila pedi, na suruali ya akiba huwa mkobani. Usiku joto hunipanda ghafla hadi shuka zinalowa jasho, na mke wangu huamka kunipepea bila kulalamika, jambo ambalo huniumiza zaidi. Nguvu za kiume zimekwisha, na hilo hatujalizungumza hata siku moja.

Nina miezi 2 nikifanya mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga inayozuia mkojo, tena natembea kila asubuhi kwa sababu sindano hizi hudhoofisha mifupa. Kwa mliopitia haya, au mliouguza wazee wenu: nafuu ya mkojo ilianza kuonekana baada ya muda gani, joto la usiku mlilipunguzaje, na mazungumzo na wake zenu mliyaanzaje? Je, ni busara niende naye kliniki?