Wazazi tusio na muda tupeane uzoefu: mliongeaje na mtoto mchanga, na mazoezi mlifanya saa ngapi?

MamaKinda (mleta uzi)
Wadau, poleni na majukumu. Leo asubuhi nimeinama kumwokotea mwanangu soksi, wakati wa kuinuka mgongo ukalia "ka!" na yeye, miezi mitano tu, akaangua kicheko. Siyo tabasamu, kicheko cha sauti kabisa. Nikabaki nimeshika kiuno namtazama. Kumbe muda wote huu ananifuatilia, na mimi namhudumia kama mtu anayefua nguo: nyonyesha, badilisha, laza, kimbilia kazi nyingine. Maneno ninayomwambia kwa siku sidhani kama yanafika kumi. Na huo mgongo wenyewe, tangu nijifungue zoezi langu pekee ni kuokota vitu chini.

Wenye uzoefu njooni. Mtoto asiyejua kuongea unaongea naye nini? Na mazoezi mnayapatia wapi muda? Tafadhali asije mtu hapa kuniambia niamke saa kumi alfajiri. Saa kumi alfajiri ndiyo kwanza nalala.

Siti_ya_Mbele
Nimekaa.

BabaZamuYaUsiku
Dada umenikumbusha mbali. Mke wangu aliporudi kazini mimi ndiye niliyebaki na mtoto, kazi zangu nafanyia nyumbani. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa nasubiri alie ndiyo niende kupasha maziwa. Maziwa yanapata moto, mtoto anapata moto zaidi, nikimpa anakataa, anajikunja, anaipiga chupa teke. Nikaamini kabisa hanipendi. Siku moja mama mkwe akaja, akakaa pembeni kimya, halafu akasema, "Baba, huyu amekuomba muda mrefu, wewe ulikuwa unaandika." Akanionyesha: amegeuza kichwa anatafuta, amejilamba midomo, ametia ngumi mdomoni. Kilio kilikuja mwisho, baada ya kuona barua zote hazijibiwi.

Tangu hapo ngumi ikigusa mdomo tu mimi nimeshasimama. Kwenye mazoezi sina la kusema, tumbo langu ni shahidi.

MkungaMstaafu
Mama mkwe wako ana macho. Mtoto mwenye njaa akifika kulia anakuwa ameshavurugika, itabidi umtulize kwanza ndiyo ashike ziwa au chupa.

Kuhusu kuongea: kuanzia kama wiki ya sita hadi ya nane utasikia zile "aguu", na tabasamu la kukujibu huja kipindi hicho hicho. Hapo mazungumzo yameanza. Mwambie chochote, hata "sasa tunavaa mkono wa kushoto", halafu NYAMAZA. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Hesabu moja hadi tano huku unamtazama, atarusha mguu au atatoa sauti, nawe mjibu. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, miaka ya 1970 aliwaambia kina mama wacheze na watoto wao kisha wakaze uso, wasionyeshe chochote, kwa dakika chache tu. Watoto walitabasamu, wakanyoosha mikono, wakapiga kelele kumrudisha mama, iliposhindikana wakageuza nyuso. Nikimwona mzazi amempakata mtoto huku amezama kwenye simu, nawakumbuka wale.

BabaZamuYaUsiku
Mama, hapo umenipiga mimi. Simu naishusha.

MzeeWaKusema
Ndiyo maana watoto wa siku hizi hawawekeki chini. Akikohoa mnajibu. Akizoea mikono umekwisha.

Mapacha2
Mzee shikamoo, ila mtoto wa wiki sita hana hila. Analia kwa sababu kuna jambo.

MzeeWaKusema
Marahaba. Nimelea sita.

Mapacha2
Uliwalea wewe au aliwalea mama yao?

Siti_ya_Mbele
Hahahaaa. Mzee, jibu hilo.

Mapacha2
Namsubiri. Wakati tunamsubiri niseme la kwangu. Wifi yangu ni kiziwi, na akija kwetu alikuwa anawaonyesha mapacha ishara kila akiwalisha: ncha za vidole vya mikono miwili zinagusana, maana yake "zaidi". Mimi niliona ni mchezo. Kwenye miezi kumi hivi mmoja akamaliza kijiko, akanitazama, akagonganisha vidole. Niliacha bakuli nikapiga yowe mpaka mtoto akalia. Yule wa pili akachelewa wiki kadhaa, ila alipoanza akawa anaitumia kwa kila kitu. Mjomba wake alisinzia kwenye kochi akakoroma, akakatisha kidogo, mtoto akamwonyesha: zaidi.

Na wale mtakaosema ishara zinachelewesha kuongea, wangu leo natafuta mahali pa kuzimia sauti.

NyongaNgumu
Naja upande wa mazoezi maana naona kila mtu anaukwepa. MamaKinda, usitafute saa nzima, hutaipata. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na zamani walitaka kila kipande kisipungue dakika 10 ndiyo kihesabike. Mwongozo wa mwaka 2020 uliondoa hilo sharti. Siku niliposoma hivyo nilitaka kulia, maana vipande vyangu vyote ni vya dakika tatu. Nikimbembeleza napanda kwa vidole vya miguu nashuka. Nikisubiri maji yachemke nasukuma ukuta. Akiwa macho namlaza kifudifudi mkekani, na mimi najilaza hivyo hivyo tunatazamana, kila mmoja anajaribu kuinua kichwa. Yeye ananishinda.

DadaWaKamba
Vizuri, ila msimdanganye mzazi mpya. Mimi nilirukia kamba mwezi wa pili baada ya kujifungua. Ruka ya nne nikarudi ndani kubadilisha nguo. Anzeni na misuli ya nyonga, ile unayoibana kama unazuia mkojo. Bana, hesabu tano, achia, hesabu tano. Unaweza kufanya hata kwenye kikao na bosi anakutazama usoni.

NyongaNgumu
Hata mimi sijasema aruke kamba. Soma vizuri.

DadaWaKamba
Nimesoma. Umesema "panda shuka".

NyongaNgumu
Kwa vidole vya miguu!

MkungaMstaafu
Wote mko sawa, msigombane. Aliyepasuliwa asubiri aangaliwe na daktari kwanza, na tumbo likichomoza katikati kama mgongo wa samaki unapojiinua, acha zoezi hilo. Na hiyo ya kuzuia mkojo, usiifanye ukiwa chooni unakojoa kweli.

Kimyakimya
Huwa nasoma tu siandiki, ila kuna mtu ametaja mazoezi ya vipande vipande, moyo umeniruka.

Mwanangu alikuwa na miezi minane. Tunakaa ghorofa ya tatu. Nilikuwa nimejiwekea utaratibu, akilala mchana napanda na kushuka ngazi za mbele ya mlango wangu, ghorofa moja tu, mara kumi. Mlango naacha wazi nimeuzuia kwa kiatu. Nikipita nachungulia, amelala kwenye godoro lake chini, naendelea. Siku hiyo, mzunguko wa sita, upepo ukaingia kwa dirishani. Nilisikia kiatu kikiburuzika. Mnajua ile sauti ya kitu ambacho hakijatokea bado lakini kimeshatokea? Nilikuwa ngazi nne chini. Nikafika mlangoni ukiwa umeshajibamiza, na kitasa chake kinajifunga chenyewe. Ufunguo uko ndani, simu iko ndani, mtoto yuko ndani.

Mshindo ule ukamwamsha.

Nikapiga kelele jirani akatoka, akampigia fundi, fundi akasema anakuja. Mimi nikapiga magoti mlangoni, nalia, naita jina lake, na kadiri nilivyolia ndivyo alivyozidi. Jirani akaniambia taratibu, "Anasikia unavyoogopa." Nikameza mate. Nikalala chini kabisa, shavu sakafuni, mdomo kwenye upenyo wa chini ya mlango, nikaanza kumwimbia kale kawimbo ketu ka kuoga ambako nimekatunga mwenyewe na hakana maana yoyote. Mara ya tatu akanyamaza. Nikanyamaza na mimi. Akasema "ba-ba-ba". Nikamjibu "ba-ba-ba". Tuliongea hivyo sijui dakika ngapi, jirani anasema arobaini. Nikasikia viganja vinapiga sakafu, pa, pa, pa, vinasogea. Halafu vidole vinne vikatokea chini ya mlango. Nikavishika kwa ncha za vidole vyangu, vilikuwa na jasho.

Fundi akafika. Akatazama akasema, "Mama, mlango unafunguka kwa ndani. Nikiufungua nampiga."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sauti yangu ndiyo iliyomleta pale, na ndiyo inayombakiza. Ilibidi nimwachie vidole, niondoke bila kusema neno, nizunguke kwa jirani mpaka kwenye kibaraza ambacho kinatazamana na dirisha la jikoni kwangu, nianze kumwita kutoka kule. Kutoka pale nilikuwa namsikia bado analia mlangoni. Nikaimba kile cha kuoga kwa sauti yangu yote, watu wametoka madirishani. Mlio ukakatika. Halafu pa, pa, pa. Kile kichwa kilipotokea kwenye mlango wa jikoni nilinyoosha mkono jirani akamfokea fundi, "Sasa!"

Kitu cha kwanza alichofanya nilipomshika ni kunitia kidole puani.

Siti_ya_Mbele
Nimesimama. Siti siitaki tena.

MamaKinda (mleta uzi)
Nimelia ofisini. Pole sana mpenzi.

FundiAsiyelala
Kitasa cha aina gani hicho? Kuna vile vya ulimi wa mshazari, kadi ngumu ya plastiki inafungua dakika moja kama hakijapigwa funguo. Huyo fundi alikuwa na haja gani ya kuchelewa?

MzeeWaKusema
Swali langu ni moja. Mtoto wa miezi minane unamwachaje peke yake ukacheze kwenye ngazi?

DadaWaKamba
Nilijua utakuja na hilo. Sita wako hawakuwahi kubaki peke yao hata ukiwa bafuni?

MzeeWaKusema
Bafuni siyo ngazi.

Kimyakimya
Mzee, hujaniambia neno ambalo sikujiambia mwenyewe usiku ule.

MzeeWaKusema
Basi yaishe, mwanangu. Pole. Na kuhusu wale sita, ni kweli, alilea mama yao. Mimi nilikuwa nakuta wamelala.

Mapacha2
Mzee leo umenimaliza. Ubishi wangu nimeurudisha mfukoni.

NyongaNgumu
Ushauri wa haraka: ufunguo wa akiba kwa jirani.

FundiAsiyelala
Usimpe jirani ufunguo hata siku moja. Uvae shingoni.

DadaWaKamba
Au fanyeni mazoezi ndani kama watu wazima wengine.

Rafiki_wa_Kiti
Mimi nilimweka mtoto kwenye kigari cha kutembelea, kile cha magurudumu, ili nipate mikono miwili. Kikawa suluhisho zuri sana.

MkungaMstaafu
Kitoe leo. Mtoto ndani ya kile anafika kwenye ngazi na jiko kabla hujageuza shingo, wala hakimharakishi kutembea. Kanada walikipiga marufuku mwaka 2004, kuuza na hata kukiingiza nchini.

Rafiki_wa_Kiti
Duh. Sawa.

MamaKinda (mleta uzi)
Jamani uzi wangu umekuwa wa vitasa na magari. Naomba turudi. Mwenye kuumwa na mkono yupo? Mimi huku kwenye shina la kidole gumba, nikimnyanyua tu kama nimechomwa sindano.

BabaZamuYaUsiku
Hata mimi! Nilidhani ni kompyuta.

NyongaNgumu
Inaitwa de Quervain, jina la daktari wa Uswisi aliyeieleza mwaka 1895. Inawapata sana wenye watoto wachanga. Tunawadaka makwapani huku gumba limepanuka, mara nyingi kwa siku, kano zinavimba. Mchote kama unavyochota mchanga, kiganja kimoja chini ya makalio, kingine nyuma ya shingo, gumba limelala pamoja na wenzake. Isipopungua nenda ukaangaliwe, mimi nilifungwa kifaa wiki kadhaa ndiyo ikatulia.

Jina_limefichwa
Niulize bila kuhukumiwa. Wa kwangu ana wiki saba, analia jioni mpaka usiku. Jana saa nane usiku nilimshika kwa nguvu kuliko nilivyotaka. Sikumfanya kitu. Lakini nilijiogopa. Mimi ni baba.

MkungaMstaafu
Asante kwa kusema. Wiki ya sita hadi ya nane ndiyo kilele cha kulia kwa watoto wengi, mwezi wa tatu au wa nne hupungua. Ukifika pale ulipofika jana, mlaze chali kitandani kwake, hakikisha hakuna mto wala nguo karibu na uso, toka, funga mlango, kaa dakika kumi nje unywe maji. Kulia dakika kumi hakumdhuru. Kutikiswa kunaweza kumuua au kumlemaza. Akiwa na joto la 38 au zaidi, kwa umri huo, ni hospitali moja kwa moja, usisubiri asubuhi. Na wewe mwenyewe kama siku zinapita huoni furaha na usingizi haupo hata akilala, mwone daktari. Sonona baada ya mtoto kuzaliwa inawapata na kina baba.

BabaZamuYaUsiku
Kaka, nitumie ujumbe pembeni. Saa nane usiku mimi niko macho kila siku, jina langu lenyewe linasema.

Jina_limefichwa
Nimetuma.

DadaWaKamba
Kimyakimya, bado unapanda ngazi?

Kimyakimya
Napanda, ufunguo uko shingoni kwenye uzi mwekundu. Sasa ana miaka mitatu, tunapanda wote, yeye ndiye anayehesabu: moja, mbili, tano, kumi. Na mpaka leo akikuta mlango wa chumba umefungwa hagongi. Analala chini, anaweka mdomo kwenye upenyo, anaimba kale ka kuoga.

FundiAsiyelala
Dada hongera, ila hujanijibu. Kitasa cha aina gani?