Kukata kinasa sauti ili kiwe chembamba: haki ya mwenye mali au kuharibu chombo?

MLETA MADA
Wakuu, salaam. Kazi yangu ni kuzunguka vijijini kurekodi wazee: mashairi, ngano, nyimbo za harusi. Kinasa sauti changu kinatumia betri mbili za AA, hizi za saa ya ukutani. Sauti yake sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni unene. Mfuko wa shati haukitaki, na nikikiweka mezani mzee anakikodolea macho, anaanza kuongea kama yuko kizimbani.

Mwezi uliopita fundi mmoja wa Kariakoo alikigeuza, akakigonga mgongoni kwa kucha, akaniambia: "Huu unene wote ni betri, bosi." Akatoa chumba cha betri, akakata mgongo, akaweka betri bapa ya lithiamu yenye unene wa milimita 5, akaziba kwa kipande cha plastiki. AA ina kipenyo cha milimita 14.5, kwa hiyo zimepungua kama milimita 9. Sasa kinakaa mfukoni kama simu.

Kazini tumegawanyika. Mkuu wangu anasema nimeharibu kifaa kizima kwa mikono yangu. Mimi nasema mali ni yangu, na viwanda vingekuwa na akili vingekitoa hivi tangu mwanzo. Mnasemaje?

KIJANA WA STUDIO
Naunga mkono hoja. Dunia nzima inaelekea kwenye wembamba, nani bado anatembea na betri za saa?

FUNDI, NAIROBI
Mali ni yako, hapo hatubishani. Mimi nauliza kitu kingine: huyo fundi aliweka nini kati ya betri na sakiti?

AA mbili mpya zinatoa volti 3, na zile za kuchaji zinatoa 2.4. Betri ya lithiamu ikijaa inafika volti 4.2. Ukiichomea moja kwa moja pale zilipokaa AA, unaomba moshi. Lazima pawe na reguleta, yaani kisakiti cha kushusha umeme ufike kiwango ambacho kifaa kinakihimili. Sasa kuna hizi reguleta za bei ya chini zinazokata na kurudisha umeme maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde. Kwenye tochi hutajua chochote. Kwenye kinasa sauti uchafu wa umeme huo unaweza kuingia kwenye sehemu inayokuza sauti ya maiki, na sehemu hiyo haibagui: itakuza mzee, itakuza na uchafu. Fanya hivi. Usiku, nyumba ikilala, rekodi dakika mbili za ukimya. Vaa hedifoni, ongeza sauti mpaka mwisho. Ukisikia mluzi mwembamba kama wa mbu wa mbali, basi umeshaijua bei ya zile milimita 9.

Halafu kuna hesabu ambayo watu hawaifanyi. AA mbili za kuchaji za mAh 2000 kila moja (hicho ni kipimo cha chaji) zinabeba nishati ya jumla ya wati-saa 4.8. Betri bapa ya milimita 5 kwa 30 kwa 40 kwa kawaida ina mAh 600 hivi, yaani wati-saa 2.2. Umebaki na chini ya nusu ya chakula. Na hicho kilichobaki kikiisha ukiwa kijijini, hakuna duka litakalokuuzia kingine. AA utaipata hata kwa mama muuza sabuni.

Na alipokata mgongo, aliangalia kama kwa ndani kulikuwa na rangi ya madini au karatasi ya bati? Vifaa vingine huwekewa hiyo ili kuzuia mawimbi ya simu. Ikitoka, simu ya mtu ikikaribia utasikia trr-trr-trr katikati ya shairi.

MZEE WA KASETI
Vijana, mnadhani ugomvi huu umezaliwa jana. Walkman yenyewe, kile kicheza kaseti cha kutembea nacho, ilitoka kwenye kinasa sauti kilichofanyiwa upasuaji. Sony walikuwa na mashine ndogo ya waandishi wa habari, Pressman. Mwaka 1979 wahandisi waliichukua, wakatoa uwezo wa kurekodi, wakatoa spika, wakaweka sakiti ya stirio. Ikaingia sokoni tarehe 1 Julai mwaka huo huo. Wapo walioicheka: kifaa cha kaseti kisichorekodi kina faida gani? Majibu mnayajua. Kwa hiyo mtu asiniambie kukata kifaa ni dhambi.

Ila sikilizeni na kipande cha pili. Ile Walkman ya kwanza ilikula AA mbili. Baadaye wakazidi kuzikondesha mpaka AA ikawa haienei, wakaleta betri bapa ya kuchaji iliyofanana na kipande cha bigijii. Na ndani ya boksi za mashine nyingi za aina hiyo ulikuta kikasha kidogo cha AA moja, cha kufunga pembeni. Walijua! Walijua ile bapa itakuacha njiani. Leo hizo bapa ni za kutafuta kwa tochi, na wenye mashine hizo wanategemea kikasha.

MBONGO, HAMBURG
Niongeze la huku. Umoja wa Ulaya una kanuni mpya ya betri, namba 2023/1542. Kuanzia tarehe 18 Februari 2027, ukiacha vifaa vichache vilivyosamehewa, betri ya kifaa kinachobebeka inatakiwa iwe ya kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Viwanda vilivyotumia miaka kubandika betri kwa gundi vinaambiwa vifungue. Wewe ulikuwa na kifaa kilichofunguka kwa kidole gumba, umelipa hela kikazibwa. Sikucheki, nasema tu.

KIJANA WA STUDIO
Haki ya kutengeneza ni pamoja na haki ya kuziba. Hamuwezi kutetea mtumiaji afungue kifaa chake halafu mkamchagulia cha kukifanya akishakifungua.

FUNDI, NAIROBI
Hapo umenibana, nakubali. Sipingi akikate. Napinga asiambiwe anapoteza nini kabla ya kukatwa.

MTAFITI, UNGUJA
Mwanangu mleta mada, wote wamezungumzia betri na hakuna aliyegusa neno lako la mwanzo. Umesema mzee anakikodolea macho. Na akitazame! Mimi nimerekodi wazee miaka mingi, na ule ukubwa wa mashine ulinisaidia kuwa mkweli. Bibi anaiona, anauliza "Hiki kinanasa?", namjibu, anatengeneza kanga yake, anakohoa, anaanza. Hapo ameridhia. Kinachokaa mfuko wa shati kimya kimya, nani atakuwa ameulizwa?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana ya kwao ya 2019, na zote zinaizungumzia ridhaa. Lakini hata zisingekuwepo. Huo woga wa kizimbani hauondoki kwa kificho, unaondoka kwa kuketi. Siku ya kwanza mimi sirekodi. Nakunywa chai tu.

MLETA MADA
Shikamoo mama. Sikukusudia kuficha, lakini nimekuelewa, na nitakiweka mezani kama zamani.

Fundi wa Nairobi, nimefanya jaribio lako jana saa nane usiku. Mluzi upo. Si mkubwa, ila ukishausikia mara moja huwezi tena kutousikia, na umo kwenye rekodi zote za mwezi mzima. Kuna bibi mmoja humo ambaye sijui kama atanikubalia kurudia.

Kuhusu mali kuwa yangu, sijabadilika, na kijana wa studio amenisemea vizuri kuliko mimi. Lakini leo nimerudi Kariakoo. Nimemwomba fundi atoe lithiamu na reguleta yake, avute waya mbili kutoka pale zilipokuwa AA, azifunge kwenye kikasha cha nje, kama alivyosimulia mzee. Kitabaki chembamba, ila kitakuwa na mkia. Nimemuuliza pia kama ule mgongo aliokata bado anao. Ameniambia mfuniko wake wa betri ameshaupachika kwenye rimoti ya mtu.